Daraja la Shemasi

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni tarehe tatu Machi. Mvua za msimu zilianza jana alasiri, na mimi natimiza miaka thelathini na saba tangu niteremke melini katika nchi hii, nikiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Chama cha misheni cha kwetu kilinituma kufundisha makasisi kwa miaka mitano. Mitano ikazaa mingine.

Watu wa hapa bado wananiita Mgeni. Zamani lilikuwa neno la adabu, siku hizi limekuwa jina langu, na watoto wanaoniamkia kwa jina hilo hawajui kwamba lina maana. Lafudhi yangu nayo haijaniacha. Nikihubiri, wazee wa mabenchi ya nyuma huinamisha vichwa, na sijawahi kujua kwa hakika kama wanasali au wanacheka. Kwetu, nchi hii huitwa ng'ambo. Hapa, Ng'ambo ni kitongoji cha upande wa pili wa mto, chenye kanisa dogo lililo chini yangu pia. Basi mimi ni mtu aliyetumwa ng'ambo akatumwa tena Ng'ambo, na mzaha huo hauchoshi mtu yeyote isipokuwa mimi.

Niandike mambo yalivyo. Chuo chetu kilihamishiwa mji mkuu zamani kidogo. Kwangu kimebaki chumba kimoja cha darasa nyuma ya kanisa, ubao, na mwanafunzi mmoja ambaye ameshakuwa shemasi. Ndiye wa mwisho. Jumapili ya Utatu, katikati ya Juni, Baba Askofu atamwekea mikono awe kasisi. Atachukua makanisa haya mawili, nami wiki itakayofuata nitapanda ndege. Chama humpa mtumishi wake safari moja ya kurudi anapostaafu, na yangu imeshapangwa. Dada yangu, ndugu pekee niliyebaki naye, ameniandalia chumba kinachopata jua la asubuhi. Anasema jua hilo linafaa mifupa ya wazee. Yeye amenitangulia kuzaliwa, lakini mzee ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Niliwapaka waumini majivu kwenye vipaji vya nyuso, na mvua ikayaosha kabla hawajafika getini. Shemasi akasema safari hii Mungu amesamehe haraka. Sikucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Kabla ya ushemasi mwanafunzi wangu alikuwa kinyozi, na kwa kweli bado ni kinyozi: kila Jumamosi hutandika shuka barazani kwake na kunyoa mtaa mzima. Wanamwita Wembe, kwa sababu ya kazi hiyo na kwa sababu ya ulimi. Ana mke anayeitwa Mama Pacha, fundi cherehani, ambaye ulimi wake ni mkali zaidi ila hautumii ovyo.

Leo tulifanya ibada kavu. Ndivyo tunavyoyaita mazoezi ya Meza ya Bwana: kikombe kitupu, maji badala ya divai, mkate wa dukani, na mwanafunzi akijifunza mahali pa kuweka mikono. Wembe anakwenda mbio kama mtu mwenye wateja watano kwenye foleni. Nilimsimamisha mara nyingi. Mwishowe akaniuliza, nikitamka maneno yote haya na mkate upo mbele yangu, kinatokea nini?

Nikamwambia hakitokei kitu, kwa sababu hana daraja la ukasisi bado.

"Kwa hiyo maneno yanajua nani ana daraja na nani hana," akasema.

Nilimwambia arudie kuanzia mwanzo. Ni mwerevu, lakini ana mzaha wa kinyozi, anayetaka mteja acheke ili asione amekatwa. Sina hakika naye kama nilivyokuwa na hakika na wengine. Wengine waliogopa kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Dada amepiga simu. Anataka kujua napendelea mapazia ya rangi gani. Nilisema yoyote. Akasema mtu asiyechagua mapazia hana nia ya kuja. Nikachagua kijani.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Paa la chumba cha mavazi linavuja juu ya kabati la kanzu.

Alhamisi, 27 Machi

Mto umechukua daraja. Nguzo mbili za katikati zimesimama, na mafundi wametandaza mbao juu yake na kuvuta waya wa kushikilia, ili watembea kwa miguu wapite mmoja mmoja. Nilikwenda kuangalia. Goti langu lilitazama zile mbao kabla yangu na likakataa.

Kule Ng'ambo kuna Bibi wa Kengele, ambaye amegonga kengele ya kanisa lile tangu kabla sijafika nchi hii. Amelala kitandani tangu Februari na sasa hali chakula. Anauliza lini ataletewa Ushirika wa Meza ya Bwana.

Mama Pacha alikuwa pale ukingoni pia, na watu wengi wakimsikia akaniambia, "Mgeni, daraja la mto limeondoka na la mume wangu halijafika. Sisi tutavuka na nini?" Walicheka sana. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima ianze.

Jumapili, 6 Aprili

Njia ipo, nayo ni halali: kasisi huweka mkate wakfu kanisani kwake, na shemasi huupeleka kwa wagonjwa. Leo baada ya ibada ya jioni nilitia vipande katika kikopo cha fedha chenye utepe, nikamvika Shemasi shingoni, nikamwombea, nikamwambia asizungumze na mtu njiani. Safari hii hakutania. Alikwenda huku mkono ameuweka kifuani.

Jumatatu, 7 Aprili

Amerudi leo kabla ya adhuhuri, nguo zimemgandama mwilini, akasimama mlangoni pa chumba changu. Nilimwambia aketi. Hakuketi. Alinieleza yote kwa mfululizo, na ninaandika hapa jinsi alivyoeleza, maana najua nitaulizwa.

Katikati ya mbao mguu uliteleza, akaanguka kwa goti, utepe ukanasa kwenye waya ukakatika. Alikidaka kikopo kwa vidole viwili. Kikaponyoka. Akakiona kikienda na maji, kinang'aa, kisha hakukiona tena. Alikaa pale juu ya ubao mpaka mtu wa nyuma yake akamwuliza kama amekufa au anasali.

Angeweza kurudi. Lakini giza lilikuwa linaingia na mvua imeanza upya, na upande wa pili walikuwa wameshamwona. Akaenda. Chumba cha Bibi wa Kengele kilijaa: majirani, waimbaji, binti yake ambaye ni mwalimu wa shule ya pale na wote humwita Mwalimu. Walikuwa wamewasha mishumaa. Bibi hakuweza kuinua kichwa, lakini alimtazama Shemasi shingoni, mahali ambapo utepe ungekuwa, halafu akamtazama usoni.

Shemasi akamwomba Mwalimu mkate. Akaletewa kipande cha mwisho cha mkate wa asubuhi. Akakiweka juu ya kitambaa, akasimama kama nilivyomfundisha, akatamka sala ya kuweka wakfu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, polepole. Sala ya kasisi. Wote wakaitikia Amina. Akamlisha Bibi wa Kengele, kisha wengine. Bibi alitafuna kwa muda mrefu, maana hakuwa na meno. Akafariki kabla ya mapambazuko.

Nilimwuliza kama alijua kwamba hana daraja hilo.

Alijua.

Nikamwambia angeweza kusoma zaburi. Angeweza kumwombea. Angeweza kusema ukweli, kwamba kikopo kimeanguka mtoni, wakalia pamoja. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijaitumia kwa mwanafunzi kwa miaka mingi.

"Yote hayo ningeweza, Padre," akasema. "Niliyajua, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini alikuwa ameshafungua kinywa."

Nikamwambia Baba Askofu lazima ajue. Akanijibu kwamba ameshaomba gari la mtu litakalokwenda huko kesho, atakwenda mwenyewe. Kisha akaniomba radhi kwa kile kikopo. Kwa mkate hakuniomba radhi.

Jumanne, 8 Aprili

Sikulala vizuri. Shemasi amekwenda.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa lilijaa na habari ilijaa pamoja nalo. Nusu ya watu wananiuliza kama bibi yule alishiriki kweli, na nusu wanauliza kama sasa Wembe atarudia kunyoa siku zote. Niliwajibu kwamba leo tunaimba.

Alhamisi, 24 Aprili

Baba Askofu alikuja leo, na matope hadi magotini kwa sababu gari lilikwama. Alikuwa katika darasa langu la pili. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye maswali mengi, asiyekubali jibu lisilo na sababu. Sasa amenenepa, maswali yake yamepungua, na mimi ndiye ninayesimama anapoingia. Mimi humwita Baba Askofu, naye huniita Mzee, na hakuna kati yetu anayeona ajabu.

Tulikaa watatu darasani. Alimsikiliza Shemasi mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akasema jambo ambalo naona haki kuliandika kikamilifu. Kuna usharika mmoja, mbali na hapa, ambako mtu alijivika kola ya kikasisi, akajitungia ibada, akawabariki wajane kwa mafuta aliyoyachemsha jikoni. Alipofukuzwa, wajane wale hawakujua tena kama waliwahi kubarikiwa katika maisha yao yote. Sheria hii, akasema, haikuwekwa ili makasisi waonekane wakubwa. Iliwekwa ili bibi wa kijijini asiwe na haja ya kuuliza amepewa nini.

Nilijisikia fahari. Hakuna niliyemfundisha ambaye angelisema vizuri zaidi.

Akatoa masharti mawili. Kwanza, Shemasi asimame katika kanisa la Ng'ambo, akiri kwamba alichukua kazi isiyo yake. Shemasi akakubali kabla sentensi haijaisha. Pili, awaambie waumini wazi kwamba walichokula usiku ule kilikuwa mkate tu. Akifanya hayo, Utatu atawekewa mikono.

Shemasi akasema kwamba ataungama kosa popote, hata sokoni, na kwamba atasema ulikuwa mkate, maana ulikuwa mkate, yeye ndiye aliyeuomba jikoni.

"Mkate tu," Baba Askofu akasema.

"Hilo la mwisho siwezi, Baba."

"Kwa hiyo unadai ulikuwa nini?"

"Sijui ulikuwa nini. Ndiyo maana siwezi kusema 'tu'."

Baba Askofu alinitazama mimi. Nami nikamwambia Shemasi, mbele yake, kwamba anashindana kwa ajili ya silabi moja, na kwamba unyenyekevu ni sehemu ya daraja analolitaka. Akaniitikia kwa kichwa, kwa adabu, na hakubadilika. Baba Askofu alipoondoka alisema atangoja jibu hadi mwisho wa Mei. Bila maneno yale yote, hakuna kuwekewa mikono, mwaka huu wala labda mwaka wowote.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Pacha kuchukua kanzu iliyoshonwa upindo. Kwa kawaida hunikaribisha chai na kunisengenyea mtaa mzima. Leo aliniamkia, akanipa kanzu, akarudi kwenye cherehani. Nilimwomba amshauri mumewe. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mgeni, wewe unakwenda zako," akasema. "Sisi ndio tutakaokutana na Mwalimu dukani."

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwa na hasira kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu mshono wake ulikuwa safi kama siku zote.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua kutwa. Nimepanga vitabu vya kuacha na vya kubeba. Rundo la kubeba linapungua kila ninapolipitia.

Jumanne, 6 Mei

Nimevuka.

Shemasi alitaka kunishika mkono, nikakataa, nikashika waya kwa mikono yote miwili na kwenda kiubavu kama kaa. Katikati nilisimama mahali alipoanguka. Maji yanapita kwa kelele kiasi kwamba mtu hasikii mawazo yake mwenyewe. Niliona jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumponyoka mtu mwenye mikono mizuri kuliko yangu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akauliza kama Padre anafanya ibada au anapita, maana yeye ana nyanya kichwani. Nikapita.

Mwalimu alikuwa nyumbani anasahihisha madaftari. Nilimpa pole ya msiba, nikaomba radhi kwa kuchelewa, akasema mama yake angefurahi kusikia nimevuka kwa miguu yangu, angelisimulia hilo mpaka Krismasi. Akanipa kiti kile kilichokuwa kando ya kitanda. Tulizungumza kuhusu mazishi, ambayo Shemasi aliyaongoza, na hilo alikuwa na haki nalo.

Kisha akafunga daftari, akaniuliza. Hakuuliza kwa machozi. Aliuliza kama mwalimu anavyomwuliza mwalimu mwenzake.

"Padre, mama alikula nini?"

Swali hili nimelitunga katika mitihani, kwa maneno tofauti, kwa miaka thelathini na saba. Nimetoa alama kwa majibu yake. Sikuwahi kuulizwa na mtu ambaye angeishi na jibu langu.

Nilimweleza lile tunalolishika kanisani kuhusu wagonjwa: kwamba mtu anayetamani kupokea, akatubu na kuamini, kisha akazuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, huyo amepokea kikamilifu, hata kama kinywa chake hakikugusa chochote. Mto ulizuia. Mama yake alitamani. Basi alipokea. Hakupokea kwa nguvu ya maneno ya Shemasi, maana Shemasi hakuwa na mamlaka hayo. Alipokea kwa sababu aliomba na Mungu si mnyimivu.

Alifikiri. Akaniuliza, kwa hiyo alipokea hata kabla Shemasi hajaingia mlangoni?

Nikasema ndiyo, naamini hivyo.

"Sasa mbona mnataka Shemasi atuambie hakupata kitu?"

Nikamwambia hatutaki aseme hivyo, tunataka aseme kwamba mkate ule ulikuwa mkate tu. Nilijisikia nikilitamka lile neno dogo katika chumba kile, juu ya kiti kile, na nikajua kwamba hakuna mtu aliyekuwa pale usiku ule ambaye angesikia jambo jingine. Angesikia kwamba Bibi wa Kengele alikufa amelishwa uongo. Nilikuwa namwomba Shemasi aseme sentensi sahihi ambayo ingefika masikioni mwa watu ikiwa si kweli.

Mwalimu hakunisukuma zaidi. Alinipa chai. Nikarudi kabla ya mvua ya jioni, na safari hii Shemasi aliponipa mkono niliushika.

Jumatano, 7 Mei

Goti limevimba kama boga. Shemasi amekuja kunifunga kitambaa na akaninyoa bila kuombwa. Akasema nikienda kwa Askofu na nywele zile, tutashindwa kabla ya salamu. Sikuwa nimemwambia kwamba nitakwenda.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekwenda na nimerudi. Nitaandika kabla sijalala usingizi wa mchana.

Ofisi ya Baba Askofu iko ghorofani. Alishuka mwenyewe aliposikia niko kwenye ngazi. Nilimweleza niliyoyaona kwa Mwalimu, na jinsi lile neno lingesikika. Nikamwambia simtetei Shemasi kwa alilotenda: alikosa, na akirudia avuliwe ushemasi. Ninachoomba ni kwamba asilazimishwe kuwaambia watu wa Ng'ambo zaidi ya tunachokijua sisi wenyewe. Tunajua mkate haukuwekwa wakfu. Hatujui kwamba Mungu hakufika.

Alisema akiondoa neno hilo, kesho kila shemasi atajipa daraja.

"Shemasi yule ameungama kwako kabla hujasikia kwa mtu," nikasema. "Wa kuogopa ni yule ambaye angelisema lile 'tu' haraka, apate daraja lake."

Alizungusha kalamu mezani kama alivyokuwa akifanya darasani. Kisha akacheka kidogo. Alinikumbusha kwamba katika mtihani wa somo hili nilimpa alama mbaya, kwa sababu aliandika kwamba neema haina mlinzi wa mlango. Nikamwambia alistahili, maana hakutoa sababu. Akasema sasa nimemletea sababu, nimechelewa miaka ishirini na kitu.

Akalifuta neno. Lakini Utatu huu hatamwekea Shemasi mikono, na hapo hakutaka mjadala. Watu wa Ng'ambo wamezoeshwa vibaya na Shemasi amejizoesha vibaya. Atumike mwaka mmoja zaidi chini ya kasisi, na kasisi huyo aishi Ng'ambo kwenyewe, aadhimishe Ushirika kila Jumapili, ili watu waione tofauti kwa macho bila kuhubiriwa. Baada ya hapo, kama kasisi huyo atamshuhudia, atamwekea mikono kwa furaha. Asipopatikana kasisi, Ng'ambo itaunganishwa na usharika wa mbali na Shemasi atabaki shemasi. Na kasisi wa kumweka hana. Wote alionao wana makanisa matatu matatu.

Alisema hayo akitazama dirishani. Hakuniomba. Angeniomba, ningepata nafasi ya kukataa.

Nikasema nitakaa mimi.

"Na ndege, Mzee?"

Nikamwambia Chama hutoa safari moja na hakitoi ya pili, na kwamba mimi sitakuwa na afya ya kusafiri mwakani hata wakitoa. Akaanza kusema kwamba mwaka mmoja kwa umri wangu si mwaka mmoja.

"Hesabu hiyo naijua," nikasema. "Niandikie barua ya kuhamia Ng'ambo."

Alinisindikiza hadi chini, ngazi kwa ngazi, akiwa amenishika kiwiko.

Jumamosi, 17 Mei

Nimejiuliza kama namfanya Shemasi kisingizio. Mtu aliyeondoka kwao kwa muda mrefu hivi huogopa kurudi, na mimi si tofauti: mitaa itakuwa imebadilika, watu niliowajua wamelala makaburini, na dada atakuwa na kawaida zake za kula na kulala ambazo nitazivuruga. Ndiyo, naogopa. Lakini nilikuwa nimeshachagua mapazia. Kama hofu peke yake ingetosha, ingenishika Machi. Nabaki kwa sababu kazi haijaisha na najua namna ya kuimaliza.

Nilimwambia Shemasi leo. Nilitegemea mzaha. Alikwenda nje, akasimama barazani mgongo kwangu, na aliporudi akaniuliza ni saa ngapi darasa la Jumatatu.

Jumapili, 1 Juni

Kanisa la Ng'ambo lilijaa hadi madirishani. Shemasi alisimama bila joho, kwa kanzu nyeupe, mbele ya Baba Askofu na mbele yangu. Hakukwenda mbio. Alisema alitumwa apeleke kitu kitakatifu, akakipoteza mtoni. Alisema alichukua sala isiyo yake na kuwaongoza katika jambo ambalo hakuwa na idhini nalo, na kwamba anaomba msamaha kwa Mungu, kwa Askofu, kwa mwalimu wake na kwao. Kisha akasema, "Nilichowapa kilikuwa mkate." Akanyamaza. Nilisikia kanisa zima likingoja kama kuna neno jingine. Halikuja. Mwalimu, aliyekuwa benchi la pili, alishusha pumzi.

Baba Askofu akasimama, akasema kuhusu wagonjwa na hamu na kizuizi, kwa maneno machache na mazuri kuliko yangu. Akamtaja Bibi wa Kengele kwa jina lake la ubatizo, ambalo wengi hawakulijua. Baada ya hapo niliadhimisha Ushirika mimi, na Shemasi akanihudumia kikombe. Walipokuja mezani walinitazama mikono kuliko walivyowahi kunitazama.

Mama Pacha alinikaribisha chai. Akaniambia kwamba mzee wa baraza kule anamsengenya mwimbaji wa kwanza, na kwamba nisiseme nimesikia kutoka kwake.

Jumatano, 4 Juni

Nimempigia dada. Nilizunguka sana: mvua, daraja, Shemasi, Askofu. Nikasema nimeahirisha, mwaka mmoja. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Mwaka mmoja, kisha nini, mdogo wangu?" Nikasema tutaona. Akasema sawa, kwa sauti ile ya mama yetu, na akaanza kunieleza habari za meno yake.

Jumapili, 15 Juni

Utatu. Hakuna aliyewekewa mikono leo. Tuliimba nyimbo zilizokuwa zimeandaliwa kwa ajili ya sherehe, maana waimbaji walikuwa wamezifanyia mazoezi na walikataa kuzipoteza.

Alhamisi, 19 Juni

Nimehamia Ng'ambo. Chumba kina dirisha moja, linatazama magharibi. Vitabu vimebebwa kichwani na waimbaji, mmoja mmoja juu ya mbao, na hakuna hata kimoja kilicholowa. Mvua imepungua. Mafundi wameanza kumimina zege kwenye nguzo mpya.

Jumatatu, 23 Juni

Ndege niliyopangiwa imeondoka leo asubuhi. Wakati huo nilikuwa nafundisha: jinsi ya kukaa na mgonjwa ukiwa huna kitu mkononi. Nilimfanya Shemasi aketi kando ya kiti kitupu, asiseme neno mpaka nimruhusu, na nikamwacha muda mrefu. Hakutania. Mwishoni aliniambia hilo ndilo gumu kuliko ibada yote. Kesho tutarudia, na keshokutwa, mpaka atakapoliweza. Naye ataliweza.

Baada ya darasa nimempigia dada tena. Safari hii sikuzunguka. Nilimwambia achukue mapazia ya kijani, ampe mjukuu wake chumba kile. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Tulilia kidogo, kila mtu upande wake, kisha akaniuliza kama ninakula vizuri.

Sitarudi.